Kulala kwa Mtani

Kuna mtu mmoja upande wa Ruangwa niliyemwombea mabaya kwa miaka saba, asubuhi na jioni, kama mtu anavyomeza dawa aliyoandikiwa. Jina lake silitaji, wala la kijiji chake, maana wanakijiji hawakunikosea kitu. Yeye mwenyewe anajijua.

Mimi na mume wangu tulikuwa watu wa magulio. Kwetu ni Songea, Wangoni wote wawili. Serikali ilimleta mume wangu Nachingwea kuwa fundi wa magari, na alipopunguzwa kazini miaka ya tisini mwanzoni, tukabaki hukohuko. Kwenye mnada wa vitu chakavu alinunua gari la wagonjwa lililokufa injini, akalifufua kwa mikono yake. Nyuma tukatandika godoro na kufunga pazia, na jiko la mafuta ya taa likakaa pale palipokuwa pa machela. Msimu wa korosho ukifika, watu wakiwa na chochote mfukoni, tulifunga nyumba tukaondoka. Wiki tano, sita, tulihama gulio hadi gulio: Mkotokuyana, Chiola, Chunyu, na vijiji vya katikati. Yeye alitengeneza baiskeli na redio, mimi nikashona.

Nilishonea cherehani ya mkono niliyopewa na mama yangu nilipoolewa. Ubao wake ulikuwa na alama nyeusi ya pasi ya mkaa, yenye ncha kama jani. Niliuunguza mimi mwenyewe nikiwa msichana, na mama alinichapa siku hiyo hadi majirani wakaingilia. Bila cherehani ile ningekuwa mzigo tu kwenye safari zile, na mimi sikuzaliwa kuwa mzigo wa mtu.

Shida ya maisha yale ilikuwa pa kulala. Barabara mbaya unaizoea, lakini huwezi kuzoea kulala jicho moja wazi. Ukisimama porini, wezi. Ukisimama kijijini bila kuripoti kwa mjumbe wa nyumba kumi, mwizi ni wewe. Tena gari letu lilikuwa na balaa lake peke yake: ule mstari mwekundu na maandishi ya kubebea wagonjwa. Mume wangu aliupaka rangi mara mbili, na mara mbili jua likaibabua ile rangi, mstari ukachomoza. Tukilala karibu na zahanati, tunaletewa wagonjwa. Mkotokuyana waliwahi kutuamsha wanaume wanne waliobeba mjamzito kwenye kitanda cha kamba, na tungefanyaje? Tukaondoa vyombo, tukamlaza kwenye godoro letu, tukampeleka hospitali Nachingwea. Alijifungua mtoto wa kike, salama, na mimi nikashinda siku nzima nafua mashuka huku nimenuna. Njiani kila aliyetuona alinyoosha mkono. Mwanzoni tulisimama. Baadaye nilimkataza mume wangu, kwa sababu tukiutii kila mkono hatutafika gulio lolote.

Basi tukajifunza sehemu za kulala, moja baada ya nyingine. Kituo cha polisi ni salama kabisa, ila asubuhi unaletewa sare za kituo kizima uzishone bure. Ghala la korosho lina mlinzi, lakini malori yanapakia mpaka kunakucha. Shule nilizipenda, mpaka siku wanafunzi walipofungua pazia alfajiri wakitafuta maiti, wakanikuta mimi. Uwanja wa msikiti ulikuwa mzuri kuliko vyote hivyo, una maji na una watu wema, tatizo mume wangu alikuwa anakoroma mpaka waumini wanatoka nje kuangalia ni mnyama gani.

Lakini pahali pa kulala bila wasiwasi, tuliamini, ni kwa mtani. Wangoni na Wamwera ni watani tangu babu zetu walipopigana wakachoka. Mtani atakutukana mbele ya wakwe zako, atamkamata kuku wako akamla, atakaa mlangoni kwako siku ya msiba asiruhusu maiti kutoka mpaka umpe anachotaka, na wewe huruhusiwi kununa. Ila hakunyimi pa kulala, wala hakuachi udhuriwe ukiwa kwake. Sisi tulilelewa hivyo. Sikujua kwamba kuna mtu anaweza kulijua hilo na kulitumia.

Yule bwana wa upande wa Ruangwa niliyeanza naye, Mmwera, ndiye alikuwa mjumbe wa kijiji tulichofika jioni moja. Alikuwa mtu mnene, wa rika letu, kofia ya kufuma haimtoki kichwani, ana mke mpole na mama mzee aliyekuwa akiishi naye. Tulipojitambulisha alipiga kelele ya furaha.

"Wangoni! Babu zenu walikuja na mikuki, nyie mnakuja na gari la maiti! Ingieni, watumwa wangu mmerudi nyumbani."

"Watumwa ni nyie mliokimbilia vilimani mkaacha mpaka vyungu jikoni," nikamjibu, na watu waliokuwa pale wakacheka.

Alichungulia nyuma ya gari, akatikisa kichwa. "Sasa mtalalaje humu na mashine miguuni? Wekeni kwenye chumba changu cha nje, kina kufuli. Nani atamwibia mjumbe?"

Nikaibeba mwenyewe. Niliipeleka kwa mikono yangu miwili, nikaiweka pale alipoonyesha, nikamwambia ahsante. Hilo ndilo lililonichoma baadaye kuliko yote.

Asubuhi mlango wa kile chumba ulikuwa wazi na ndani hamna kitu. Nilimkuta yule bwana barazani anakunywa chai ya rangi na muhogo. Nikamuuliza.

"Cherehani?" akasema. "Tangu lini Mngoni akawa na cherehani? Labda imekwenda chooni, itarudi."

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka, tena kwa nguvu, kwa sababu utani ndivyo ulivyo: wanakufichia kitu, unabembeleza, unatukana, unatoa kuku, kitu kinarudi, na kijiji kinapata cha kusimulia mwaka mzima. Niliona tumepata mtani wa kweli. Nikaenda gulioni nikanunua jogoo, nikampigia yule bwana magoti kwa madoido, nikasema nimeshindwa. Jogoo akachinjwa. Nikampika mimi, na yeye akala firigisi.

Wakati napika, mama yake alinijia akanishika mkono. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na siku ile hata hicho kidogo kilimtoka. Alinivuta hadi nyuma ya nyumba, akaongea Kimwera harakaharaka, akinyoosha kidole kwenye njia ya miguu inayoingia kwenye mikorosho. Nikajua huyu naye ametumwa kunizungusha. Nikamkumbatia, nikamchezea ngoma kidogo palepale kwa kumtania, nikacheka mpaka nikafuta machozi. Akaniachia mkono.

Jioni, jogoo ameliwa, nilisema basi mtani, tunaondoka kesho, lete. Yule bwana akakunja uso mbele ya watu.

"Utani gani? Mimi sijaona cherehani yako. Wageni mnalala kwa watu halafu mnawasingizia wizi?"

Nilimtazama nikisubiri acheke. Aliingia ndani akatoka na karatasi yenye mhuri wake, barua ya kututambulisha polisi, imeandikwa kwa mwandiko mzuri kwamba wageni hawa "wanadai" kupotelewa. Polisi walituuliza nani aliiona ikiingia chumbani. Sisi wawili, na mwizi.

Mume wangu ni mtu wa yaishe. Ukimkanyaga anaomba radhi kwa kuweka mguu wake hapo. Alisema tumshukuru Mungu gari lipo. Mimi nilisema Mungu nitamshukuru siku nitakapomwona yule bwana ameketi chini anatafuta pa kuficha uso. Misimu miwili nilishona kwa sindano ya mkono, vifungo na pindo za suruali, vidole vimejaa matundu, na kila tundu nililihesabu kwake. Nilipata habari zake kwa wapita njia na kuzitafuna kama karanga. Nikisikia bati lake limeezuliwa na upepo, siku hiyo nilikula vizuri. Nikisikia limerudishwa, nilinuna.

Kijiji chake kilikuwa njiani, hatukuweza kukikwepa. Kulala hatukulala tena, lakini nilimwamuru mume wangu apige honi tangu kisimani mpaka tuvuke shule, bila kuachia. Nilitaka yule bwana ajue kwamba tupo na hatujasahau. Alitaka kupunguza mwendo, nikamkataza. Mara kadhaa nilimwona yule mama mzee kando ya barabara, fimbo mkono mmoja, mwingine ameunyoosha.

"Mgonjwa huyo," mume wangu alisema mara moja, akiondoa mguu kwenye mafuta.

"Twende," nikasema. "Mwanawe mjumbe. Amtafutie gari."

Mwaka wa saba, tukiwa gulioni Ruangwa, mama muuza mihogo alituambia kwamba mama yake mjumbe amefariki na anazikwa siku hiyohiyo baada ya alasiri. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Kufa kwa yule mama hakukunipa furaha yoyote. Kilichonifurahisha ni kwamba msibani mtani hakatazwi kitu. Nilimwambia mume wangu afunge vyombo.

Tulifika wakiwa wameshamsafisha na kumsalia. Nilipita katikati ya wanawake moja kwa moja mpaka chumbani kwa marehemu, kuchukua nguo zake nimwigize, kama mtani anavyofanya. Pembeni ya kitanda kulikuwa na kitu kimefunikwa kanga. Nikafunua, nikakuta alama ya pasi.

Nilikaa kitandani kwanza. Kisha nikajifunga kanga ya marehemu, nikachukua fimbo yake, cherehani nikaipakata, nikatoka nimeinama kama yeye. Wanaume walikuwa wameshainua jeneza. Nikaketi chini katikati ya njia, cherehani mapajani. Watu wakaanza kucheka, maana msiba bila mtani huwa mzito.

"Mwanangu," nikasema kwa sauti ya yule mama, "sitoki hapa. Huko ninakokwenda nitaulizwa hii mashine ni ya nani. Niambie nijue la kujibu."

Yule bwana alicheka kwa meno tu. Akanitupia noti, nikaipeperusha. Akaahidi mbuzi. Nikasema maiti hali mbuzi. Waliobeba walibadilishana mabega, jua likashuka, na watu wakaendelea kucheka, ila kicheko kikawa kinapungua. Shehe akamgeukia.

"Mjumbe, mtimizie mtani wako. Mama yako anasubiri."

"Ni ya Mngoni," akasema.

"Masikio yangu ni ya kizee, mwanangu. Sema kwa nguvu."

"Ni yake! Nilimchukulia."

Hakuna aliyecheka tena. Kijiji kizima kilimtazama, na yeye akavua kofia yake ya kufuma, akaishika, hakujua aiweke wapi. Sijawahi kuonja kitu kitamu kama kimya kile. Nikainuka, nikawapisha, jeneza likapita.

Nilikuwa naifunga cherehani nyuma ya gari mkewe aliponifuata. Alikuwa na chupa ndogo ya mafuta mkononi.

"Na hii chukua," akasema. "Ilikuwa ya bibi. Kila Ijumaa alikuwa anaipaka. Anasema mwenyewe akija asiikute ina kutu."

Nikazungusha mkono wa cherehani. Ulizunguka laini kuliko nilivyowahi kuutunza mimi.

"Mume wangu aliipeleka kwa wazazi wangu kwa baiskeli, kule mikoroshoni," akaendelea. "Kelele zilipotulia akairudisha auze. Bibi akaitia chumbani kwake, akasema atakayeiuza hapati radhi zake. Siku ile alikuonyesha njia ilikopita. Wewe ukamchezea ngoma."

Nikaipokea ile chupa.

"Na honi yenu akiisikia, anaacha hata chakula. Anatoka na fimbo yake mpaka barabarani awasimamishe. Tunamwambia bibi, hawasimami hao. Anasema leo watasimama."

Aliitazama kanga niliyovaa, akasema nikae nayo tu, ni haki ya mtani. Kisha akarudi kwa wenzake.

Yule bwana sijamsamehe, na sina mpango huo. Nilipopanda mbele, mume wangu alikuwa ameshawasha gari, mkono uko kwenye honi kama nilivyomzoeza. Akaniuliza kama apige. Nilimwambia asipige.