Zimwi la Mawinguni

Darasa la kwanza nililopewa kufundisha kule Matombo, milimani, lilikuwa na ugonjwa wa kula herufi. Mwezi waliandika mezi, ng'ombe wakaandika gombe, na ukiuliza nani kala herufi, wanaangaliana kama waliokuibia ndizi. Mimi si mtu wa subira. Nilifoka wiki nzima bila faida, mwisho nikawatungia zimwi.

Zimwi langu liliishi juu kwenye mawingu ya mlima, na kazi yake ilikuwa kumeza. Lilimeza mwezi, mbwa wa jirani, nyanya za sokoni, hata kengele ya misheni. Dawa ilikuwa moja tu: mtoto aandike ubaoni jina la kilichomezwa bila kuacha herufi. Akipatia, darasa zima linapiga kelele, "Tapika!" nami najishika tumbo, nautapika mwezi. Mwalimu wa darasa la jirani alinichukia kwa kelele zile, wala simlaumu. Lakini watoto wangu walianza kuandika.

Aliyelipenda zimwi kuliko wote alikuwa binti mmoja mdogo wa dawati la mbele, mdomo haufungi. Wakati wa masika mama yake aliugua kidogo tu, akafariki. Huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na shamba nalo ni la ukoo wa mama. Kwa hiyo ilijulikana kwamba tanga likishaisha baba atarudi kwao, na binti atachukuliwa na mjomba wake wa Mlali. Hakuna aliyeona ajabu. Mimi mwenyewe ni Mluguru, najua ndivyo ilivyo, ila iliniuma.

Aliporudi darasani hakuwa msemaji tena. Aliniomba nimfundishe kuandika jina la mama yake, lote, la ubatizo na la kwao. Lilikuwa refu, limejaa zile herufi zinazowashinda wenzake. Nilidhani analitaka kwa ajili ya msalaba wa kaburini, maana ulikuwa bado haujaandikwa. Nikamwandikia. Kila mapumziko nilimwona amechuchumaa nyuma ya darasa, analichora kwa kijiti juu ya jani la mgomba, analitupa, anachukua jani jingine. Wenzake wakimwita wacheze, haitiki.

Siku ya kuondoka, mjomba akawa anamsubiri nje na bodaboda. Binti akaingia darasani amevaa gauni la kanisani. Watoto wengine walikuwa wameshakwenda nyumbani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Akaniomba chaki. Akavuta kiti, akapanda, akaandika jina la mama yake ubaoni, taratibu, ulimi ukiwa nje. Kisha akashuka, akarudi nyuma kidogo, akasema kwa sauti ndogo, "Tapika."

Alikuwa anatazama dirishani, upande wa mlima, na mikono ameikunja kifuani kama anayengoja kuitwa. Nje mjomba akapiga honi. Hakugeuka. Alingoja mpaka nikashindwa kuvumilia, nikamshika bega.

"Mwalimu," akauliza, "nimekosea wapi?"

Nilisoma herufi moja moja kwa kidole, nikiomba Mungu nikute hata kosa dogo. Sikulikuta.

"Hujakosea, mwanangu. Umepatia yote."

Ndipo akaanza kulia.