Vali ya Moshi na Mama Mkwe

Jumamosi ile mama mkwe wangu alikuwa amevaa tangu alfajiri. Alikaa barazani kwangu, mtaani Cheyo, mkoba mapajani, akingoja nimrudishe kijijini kwake Usoke. Kila nilipoinua kichwa kutoka kwenye injini nilimkuta ananitazama kama mtu anayetazama maji yaliyokataa kuchemka.

"Bado?"

"Bado, mama."

Gari lenyewe ni pikapu kuukuu ya dizeli niliyoachiwa na marehemu mume wangu, ambaye ndiye mwanawe. Lilikuwa limeanza kutoa moshi mweusi na kukosa nguvu, na likisimama mngurumo wa injini unapanda na kushuka wenyewe. Fundi mmoja wa mtaa wa Ng'ambo alikaa nalo juma zima, kisha akaniambia kasoro ni ile vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ukachomwe tena, hewa isichafuke sana. Imejaa masizi.

"Tunaiziba tu kwa kipande cha bati, dada," akasema. "Wengi wanaziba."

Nilimwuliza kama haiwezi kusafishwa. Akasema inaweza, ila kazi yake inachosha. Nikachukua funguo zangu. Kama ni kuchoka, nitachoka mwenyewe.

Na nilichoka kweli. Vali ile imeshikwa na boliti mbili, na yule aliyezipanga ziwe pale hakupata kuwa na mikono. Ya kwanza ilifunguka. Ya pili ilikataa katakata. Nikaimwagia mafuta, nikaigonga, nikaisubiri, nikaigonga tena, spana ikateleza na kunichuna vidole.

"Marehemu angekuwa ameshamaliza," mama akasema kutoka barazani.

Marehemu hakuwahi kufungua boneti ila kuongeza maji. Nililimeza hilo. Mkwe hajibiwi.

Boliti ikaachia hatimaye. Ndani ya vali masizi yalikuwa yamechanganyika na oili mpaka yakawa kama lami. Nikaileta barazani, nikachokonoa kwa kijiko kibovu, nikamwagia petroli, nikasugua kwa mswaki, hadi kile kipini cha katikati kilichokuwa kimeganda kikaanza kucheza nikikisukuma kwa kidole. Nikajisikia fundi. Nikaingia ndani kunawa.

Nilipotoka, baraza inang'aa. Mama alikuwa amefagia.

"Mama, hapa kulikuwa na kibati chembamba chenye matundu."

"Kile kichafu? Nimekitupa kwenye shimo la taka pamoja na masizi yako."

"Ile ni gasketi, mama, inakaa chini ya vali moshi usivuje. Bila hiyo hatuondoki."

"Sasa kitu cha maana unakiweka chini kama takataka?"

Hapo nikashindwa kujizuia. "Mama, si ungekaa tu!" Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Jirani aliyekuwa anaanika nguo aligeuka kututazama.

Mama hakupandisha sauti yake. "Nimekaa juma zima," akasema. "Nimechoka kukaa. Kwangu saa hizi ningekuwa namwagilia vitalu vyangu vya tumbaku. Hapa nikishika ufagio, mama pumzika. Nikishika sufuria, mama pumzika. Mimi si mgonjwa."

Nikafuta mikono kwenye nguo.

Aliweka mkoba chini, akakaza kitenge chake cha safari, akatangulia shimoni. Tukafukua maganda ya ndizi na majivu, yeye kwa fimbo, mimi kwa mkono. Aliyeiona ni yeye. Ilikuwa imepinda pembeni. Kabla sijamzuia alishaichukua hadi kwenye kizingiti, akaanza kuinyoosha kwa mchi wa kinu.

"Polepole, mama. Ikipasuka basi tena."

"Niache," akasema. "Mkono wangu naujua."

Haikupasuka. Niliifunga vali mahali pake huku yeye akinishikia boliti kwenye kiganja, akinipa moja moja, na kuniuliza kila mara kama nimekaza. Nikawasha gari. Wingu la masizi yaliyokuwa yamebaki likatoka nyuma na kutandaa juu ya nguo za jirani, ambaye alianza kuzianua. Nilimwomba radhi. Injini ikakohoa, ikatulia, ikanguruma sawasawa.

Njia nzima ya Usoke gari lilivuta vizuri. Mama alisinzia, nami nikaendesha huku vidole vinawaka kwa petroli.

Tulipofika, majirani zake walikuja kutupokea. Nikawaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba na kuuliza tumechelewa wapi.

"Gari lilitusumbua," mama akawaambia. "Tukalifungua wenyewe, mimi na mkwe wangu. Kuna kibati humo ndani, mafundi wenyewe wanakiogopa."

Wakanitazama, wakisubiri nithibitishe. Nilikuwa nimechoka mno kubisha, nikaitikia kwa kichwa. Mama alikuwa ameshainama kutazama matairi.

"Halafu breki nazo zinalia," akaniambia mbele yao. "Ukija tena tuzitazame."