Mwanga Anatoka Mbali

Naona haya hata kuanza, lakini afadhali mnisikie mimi mwenyewe kuliko kusimuliwa na watu wa mtaa wangu wa Kibokoni, maana huko wameshanipa jina, na sidhani litanitoka hata nikihama.

Nimepanga chumba cha juu kwa Mama Swaleh, na kazi yangu ni kusoma kwasa, zile nyoyo za galaksi za mbali ambamo shimo jeusi linameza gesi na gesi inawaka kabla ya kumezwa, mwanga wake umesafiri tangu dunia haijakuwepo na unafika huku umevutika hadi jicho haliuoni tena (ndiyo ile infraredi, jirani wa wekundu), basi darubini iliyo nchi nyingine inaupasua rangi kwa rangi, mistari ya rangi hizo inaletwa kwenye kompyuta yangu, nami nasoma mle ndani mna nini. Ni kazi ya upweke. Nilikaa miezi sijala na mtu, nikisikia tu vicheko vya ngazini.

Ramadhani hii Mama Swaleh akaniita futari. Nilifurahi mno hata nikaamua jambo la kijinga: leo nitasema Kiswahili cha wenyewe. Kwetu Kitui tungesema "hiyo mwanga inatoka", na laiti ningesema hivyo, lakini nikajifanya bingwa wa ngeli: mwalimu anatoka, mwanamke anatoka, basi na mwanga je?

Tulipokwisha kunywa uji Mama Swaleh akaniuliza, "Mwende mwanangu, kazi gani hiyo, kutwa kucha taa yawaka?"

"Natafuta mwanga," nikasema. "Anatoka mbali sana. Haonekani kwa macho, lakini kuna chombo, nampasua, najua ndani ana nini."

Wanawake wa jirani tuliokuwa nao mkekani wakaacha kula. (Nikadhani sayansi imewaingia.)

"Na ushampata?"

"Jana tu. Yuko upande ule."

Nikanyoosha kidole dirishani, nia yangu mbinguni, lakini kidole kikakomea kwenye dirisha la Bi Saumu, mjane wa nyumba ya pili, anayeishi peke yake kama mimi.

"Nilisema mimi," mmoja akanong'ona.

Mwanga unaotoka ni nuru, mwanga anayetoka ni mchawi. Hilo kila mtu mkekani alilijua isipokuwa msomi.

Siku zilizofuata nilipendwa, wallahi nilipendwa, mahamri mlangoni, "Mwalimu, hujambo?" kila kona, wanawake wakipanda ngazi kuniuliza, "Na kwetu yuko?" nami nawatuliza, "Hawezi kuwa karibu hivyo, angetuunguza sote." Nilikuwa nikifunga mlango natabasamu peke yangu.

Mpaka alasiri moja, baraza imejaa wanaume waliotoka msikitini, nikasikia sauti chini ya ngazi. Alikuwa Bi Saumu.

"Mwanangu, tangu siku ile sahani ya futari haiji kwangu. Watu wasema mimi ni mwanga, na kwamba wewe ndiwe uliyeninyooshea kidole. Nimekukosea nini?"

Nilishuka bila viatu, kompyuta mkononi, nikasimama mbele ya baraza nzima nikiwaonyesha mistari na kupaza sauti, "Ni nuru! U-na-toka! Unatoka, si anatoka!" Nikakosea tena katikati, nikasema "huyu unatoka". Fundi cherehani mmoja akawaambia wenzake, "Kumbe hapana mchawi, pana sarufi," na kicheko chao nadhani kilifika Biashara Street. Mama Swaleh alijifunika uso kwa leso, akaingia ndani, akatoka na sinia la futari, akalipeleka mwenyewe kwa Bi Saumu.

Sasa naitwa Bi Anatoka. Mahamri yamekoma na ngazi iko kimya, na hilo limeniuma kuliko kicheko, maana walikuwa wanamfuata mchawi, si mimi. Nimeapa nikiwa na shaka na ngeli nitasema Kiswahili changu cha Kitui, nichekwe peke yangu.

Futari za Ramadhani zilizobaki nilizimalizia kwa Bi Saumu, aliyenisamehe kwa sharti la kusema "mwanga unatoka" kabla ya kupewa kaimati, vile vidonge vya unga vya sukari. Jioni ya mwisho akaniuliza, "Huo mwanga wako, safari yote hiyo, na aliyeupokea ni wewe peke yako?"

"Nadhani."

"Basi mkaribishe," akasema. Akanisogezea sahani, akanitazama kwa pembe ya jicho. "Ukaribishe."