Wali wa Baba Mdogo

Enzi zetu, sisi tuliozaliwa kando ya Ruaha Mkuu upande wa Iringa, hakuna aliyeamshwa na simu. Viboko ndio waliotuamsha, wakikoroma mtoni kama wazee waliolala na pombe ya ulanzi kichwani. Mto ulikuwa mpaka wetu na hifadhi. Mama zetu walichota maji kwa kata yenye mpini mrefu, wamesimama mbali na ukingo kwa kuogopa mamba, na ole wako mtoto uliyesogea. Fimbo ilikufikia kabla ya mamba.

Baba alikuwa akitembeza wageni. Asubuhi aliwapeleka Isimila kuona zile nguzo za mawe, siku ya pili akawaleta huku mtoni na kuwakalisha kimya. "Mto hauonyeshwi kwa kidole," alituambia. "Mwache mgeni asikie mwenyewe." Sisi tulijibanza nyuma yao tukisubiri peremende. Vijana wa leo wangeujaza mto mzima kwenye simu kabla hawajautazama.

Wali tulikula Krismasi tu. Ulitoka kwa baba mdogo, aliyehamia Usangu, huko Mbeya mto unakotokea, kulima mpunga. Alikuja na gunia begani, akisalimia "Kamwene" kwa kila nyumba aliyopita, na harufu ya wali ule naisikia hadi leo.

Kisha yeye na wenzake wengi wakaanza kulima hata kiangazi, maji wakiyavuta mtoni kwa mifereji. Mwaka hadi mwaka mto ulitufikia umekonda, mpaka kiangazi kimoja haukufika kabisa. Viboko walibanana kwenye dimbwi la tope, wageni wakawapiga picha. Krismasi ile mvua zilikuwa zimesharudisha maji, lakini baba aliisukuma sahani.

"Nikila huu, nitakuwa nimekunywa mto wetu."

"Kaka, mto si huo hapo unapita?" baba mdogo akasema. "Nami nina watoto."

Hawakula pamoja tena. Iliniuma, maana niliwapenda wote wawili. Baba alitamani jambo moja tu, mdogo wake aje kiangazi aone kwa macho yake. Alimwita mara nyingi. Baba mdogo hakuja, mpaka Oktoba iliyopita tulipompigia simu kwamba kaka yake amefariki.

Alifika na gunia begani kama zamani, ila njiani hakusalimia mtu. Waombolezaji walikuwa wengi na ilibidi wale. Akina mama wakachukua majembe, wakateremka mtoni. Baba mdogo akawafuata, akidhani wanakwenda shambani. Walipoanza kuchimba mchanga katikati ya mto, alisimama akiwatazama, kisha akapokea jembe. Alichimba hadi shimo likamfika kiunoni. Maji yalipojikusanya, machafu, akakaa kwenye mchanga akalia.

"Nilidhani kaka ananisingizia," alisema.

Maji hayo ndiyo tuliyopikia wali wake. Tuliula, harufu ileile, na sikuweza kumaliza.

Baba mdogo amerudi Usangu, na bado ana watoto. Wanangu wanacheza mpira pale viboko walipokuwa wakikoroma. Nikiwasimulia, wanaitikia kwa adabu tu. Sisi tulisubiri Krismasi tule wali. Wao wali wanakula hata siku ya shule, na wanasubiri Krismasi waone mto.