Mwalimu Atuganile Aingia Kidato cha Tano

Mwaka shule ilipopewa kibali cha kuanzisha kidato cha tano, Mwalimu Atuganile alikuwa na miaka arobaini na saba. Ishirini na miwili kati ya hiyo aliimaliza palepale, shule ya kutwa ya Vingunguti, akifundisha hesabu kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Alikuwa mtu wa Tukuyu, amejenga Kiwalani, na wenzake walimjua kwa mambo mawili: hakosi kipindi, na hakai ofisini kupiga soga.

Wasichokijua ni kwamba yeye mwenyewe kidato cha sita alipata F ya hesabu. Masomo mengine mawili yalimbeba hadi chuo cha ualimu, akatoka na diploma, na kwa vile walimu wa hesabu walikuwa wa kutafutwa kwa tochi, akapangiwa hesabu. Za kidato cha nne alizimudu vizuri. Za juu hakuzigusa tena.

Mwezi wa saba wakaripoti wanafunzi thelathini na sita wa PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu. Mwalimu wa hesabu za advansi aliyepangiwa shule ile hakuripoti. Wiki ikapita, ya pili ikaingia, watoto wanashinda wakipiga kelele. Mkuu wa shule, Mwalimu Kamugisha, akamwita.

"Mwalimu Atu, anzisha wewe. Ni mada za mwanzo tu. Huyo kijana akija utamwachia."

"Mkuu, mie sina digrii."

"Ninayo mimi, lakini ni ya historia. Nikiingia pale nitawafundisha vita vya Majimaji."

Angeweza kumweleza habari ya ile F palepale. Hakumweleza. Alisema sawa, akachukua kitabu kabatini.

Tangu siku hiyo alikuwa anafika shuleni saa kumi na mbili asubuhi. Alijifungia maabara, akafanya maswali yote ya siku ile, moja baada ya jingine, na lililomshinda halikwenda ubaoni. Kwa mtindo huo alimaliza mada ya seti, akamaliza na ya mantiki. Wiki ya nne, akiwa katikati ya kurahisisha swali ubaoni, aliandika kwamba kipeuo cha pili cha x mraba ni x, akaendelea na mstari unaofuata.

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. Aliitwa Widad. Baba yake alikuwa na duka la vifaa vya mafundi seremala Keko.

"Madam, na kama x ni hasi tatu? Mraba wake tisa. Kipeuo cha tisa ni tatu, siyo hasi tatu."

Atuganile aliutazama ubao. Kuna maneno walimu huyatumia pakitokea jambo kama hilo: nilikuwa nawapima kama mko macho. Naye aliwahi kuyatumia. Safari hii yalimfika mdomoni, akayaacha.

"Nimekosea," alisema. "Na siyo kwamba mkono umeteleza. Nilikuwa sijui. Hesabu hizi nilizifanya kidato cha sita nikapata F. Nawafundisha kwa sababu mwenye kazi yake hajafika. Nikikosea niambieni, kama alivyoniambia Widad."

Akafuta, akaandika upya, wakaendelea.

Siku mbili baadaye alimkuta baba yake Widad, Mzee Abdulsamad, ofisini kwa mkuu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwalimu, sikuja kwa ugomvi. Mie nauza bawaba. Mteja akitaka bawaba ya geti na mie sina, namwelekeza kwa jirani. Simpi ya kabati. Sasa wewe mwanangu unampa nini?"

"Nampa ninachokijua. Nisichokijua namwambia sikijui."

"Na akifeli?"

"Siwezi kukuahidi kwamba hatafeli."

Mzee hakuridhika. Aliaga, akasema atamtafutia binti yake masomo ya ziada Jumamosi, na akafanya hivyo kweli. Alipotoka, Kamugisha alifunga mlango.

"Ungeniambia habari ya hiyo F, mwalimu."

"Ungenipa kipindi?"

"Nisingekupa."

"Basi wangekuwa wanapiga kelele mpaka leo."

Kamugisha hakuwa na mwingine wa kumpa. Vipindi vilibaki vyake hadi mwezi wa tisa mwishoni, alipofika Mwalimu Stanley, kijana wa miaka ishirini na mitano, digrii yake ya hesabu haina hata miezi mitatu. Atuganile alimkabidhi orodha ya majina na kumwonyesha alipoishia. Wengi walidhani ameshukuru Mungu kwa kutua mzigo.

Kesho yake Stanley aliingia darasani akamkuta ameketi dawati la nyuma, na daftari kubwa jipya mbele yake.

"Madam, umesahau kitu?"

"Hapana, mwalimu. Endelea tu."

Watoto walicheka. Kati ya vipindi vinane vya wiki aliweza kuhudhuria vinne, maana alikuwa na madarasa yake. Vilivyobaki alinakili kwa Widad.

Baada ya jaribio la kwanza Stanley alimfuata ofisini, karatasi ameikunja mara mbili.

"Shikamoo, mwalimu. Sijui nikupe hapa, au..."

"Marahaba. Nipe kama ulivyowapa wengine."

Ilikuwa thelathini na moja kwa mia. Aliikunjua juu ya meza, wenzake wakiangalia.

"Swali la nne umenikata alama kwa nini?"

Stanley akavuta kiti, akaanza kumweleza.

Maneno yalizunguka. Mwalimu mmoja wa jiografia alimwambia waziwazi kwamba anajishushia heshima mbele ya watoto, na kwamba hata wa kidato cha pili sasa wanamwita mwanafunzi mwenzao. Hilo lilimchoma kuliko alivyotegemea. Kuna wiki nzima hakwenda. Alisema ana madaftari ya kusahihisha. Wiki iliyofuata akarudi dawatini kwake, na hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi.

Darasa lilipofika kidato cha sita alijiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, somo hilo moja. Asubuhi ya mtihani, mwezi wa tano, kwenye kituo kimoja Temeke, msimamizi alimzuia mlangoni.

"Mwalimu, wasimamizi wanaingilia kule."

"Mie mtahiniwa," alisema, akamwonyesha namba yake.

Alitoka na kichwa kinamuuma na maswali mawili hayajaguswa. Matokeo yalipotoka, Widad alikuwa na B, akaenda Dodoma kusoma uhandisi. Atuganile alikuwa na D. Alimpigia mumewe akamwambia amefaulu, na mumewe akauliza alama gani, naye akamtajia. "Si mbaya," alisema mumewe, na yeye pia aliona si mbaya.

Mshahara haukuongezeka, wala cheo hakikubadilika. Lakini mwezi wa saba kidato cha tano kilikuja na mikondo miwili, na Stanley peke yake asingeiweza. Kamugisha alipanga ratiba bila kumwita mtu: mkondo wa pili akauandikia jina la Atuganile. Mwalimu wa jiografia aliisoma pale ukutani, akaenda zake kipindini.

Anaufundisha mpaka sasa. Mada ya uwezekano bado inamsumbua, na ikifika wanabadilishana: Stanley anaingia kwa kidato cha tano, yeye anachukua vipindi vya Stanley vya kidato cha pili.