Mazishi Yaliyokosa Msemaji wa Kwanza

Siku tuliyomzika kaka yangu Otieno naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na ukinikuta nimenyamaza huku redio inataja majina ya wagombea, ujue niko huko. Nilikuwa mwalimu kijana mwenye sauti kubwa, kwa hiyo kila mazishi ya huku kwetu karibu na Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria, nilipewa maikrofoni niongoze shughuli. Siku hiyo niliishika nikiwa mfiwa. Hakuna aliyefikiri kwamba huenda na mimi nataka kulia.

Otieno alikuwa fundi wa mashua. Wavuvi wote wa Dunga walimjua, na kwa kuwa uchaguzi ulikuwa umebaki wiki chache, waheshimiwa nao wakagundua ghafla kwamba walimjua. Mbunge wetu, tuliyemwita Mheshimiwa tu, alituletea mahema. Mpinzani wake, Injinia, ambaye si zamani sana alikuwa akimbebea Mheshimiwa mkoba na kumfungulia mlango wa gari, alituletea vipaza sauti na jenereta. Tulishukuru sana, masikini sisi.

Unajua desturi yetu: kwenye mazishi, anayeongea mwisho ndiye mkubwa. Nikamwendea Mheshimiwa, nikamwomba aanze yeye. Alinitazama kana kwamba nimemtukana. Msaidizi wake ndiye aliyejibu.

"Mwalimu, Mheshimiwa hawezi ongea kabla ya huyo mtu. Yeye ni wa mwisho."

Nikaenda kwa Injinia. Yeye alitabasamu, akanishika bega. "Mwalimu, hiyo maikrofoni umeshika, unajua ni ya nani?"

Nikarudi katikati ya uwanja. Mchungaji alikuwa amemaliza kuhubiri, akahubiri tena. Kwaya ilikuwa imeimba kila wimbo inaoujua. Jeneza lilikuwa juani, kwa sababu hema lililolifunika lilikuwa limehamishwa likawakinge wageni. Mama yangu alikaa kando yake akilipepea kwa leso, kana kwamba Otieno anasikia joto. Sijui kama nimewahi kuwa na hasira kama ile, nami nilitakiwa kutabasamu na kuwakaribisha watu.

Halafu minong'ono ikaanza. Vijana wa Mheshimiwa wakashika kamba za mahema, wakasema Injinia akifunga shughuli watayaangusha mahema juu ya watu. Vijana wa Injinia wakaizunguka jenereta, nami nikaona mawe mikononi mwa watoto niliowafundisha kuandika majina yao. Niliogopa, mwanangu. Mama alikuwa katikati ya makundi hayo mawili, na nilijua jiwe la kwanza litampata yeye.

Hapo ndipo alipokuja shangazi yetu, dada wa baba, ambaye kwa Kijaluo tunamwita waya.

"Nani amekufa hapa?" akaniuliza.

"Otieno, Waya."

"Mbona mimi naskia tu majina ya watu wako hai?"

"Waya, hawa ni watu wakubwa. Hakuna mwenye anataka kuanza."

"Basi wasianze. Mimi naona tu mtoto ya ndugu yangu iko kwa jua."

Nilimnyooshea maikrofoni, hata hakuitazama. Alikwenda mpaka kwenye kamba za hema. "Onyango! Kuja ushike kichwa ya ndugu yako." Onyango, kijana wa jirani, akaiachia kamba, akaja ameinamisha uso. Kisha Waya akageukia kwenye jenereta. "Na wewe Ouma. Hapa, upande ingine."

Ouma alikuwa na jiwe mkononi. Akamtazama Injinia, na Injinia akamtikisia kichwa kumkataza. Waya hakurudia maneno. Alisimama tu, mkono umeelekea kwenye jeneza, nami nikasikia pumzi zangu kwenye vipaza sauti. Ouma akachuchumaa, akaliweka jiwe chini taratibu. Baada yake wakaja wengine, Waya akiwaita mmoja mmoja, huyu wa huku na huyu wa kule, mpaka hakubaki kijana asiyeshika jeneza au jembe. Tukamzika Otieno bila hotuba hata moja. Udongo ulipokuwa unasawazishwa, magari ya waheshimiwa yalikuwa yameshawashwa. Kila mmoja aliondoka na chake, mahema huku, vipaza sauti kule, nasi tukala ugali wetu juani.

Ningependa kuishia hapo. Lakini kabla ya siku ya kura palikuwa na mkutano mjini, na vijana walewale walikwenda, na Waya hakuwepo. Jiwe lilimpata Onyango jichoni. Aliyelirusha ni Ouma. Aliniambia mwenyewe, akilia, kwamba kwenye vumbi lile hakuona ni nani.

Mheshimiwa alishinda. Uchaguzi uliofuata Injinia akamng'oa. Mheshimiwa akahama chama, akawania ugavana, akakosa. Injinia naye akahama, akamfuata hukohuko. Juzi nilimwona mmoja akimwinua mwenzake mkono jukwaani, wamevaa kofia za rangi moja. Onyango alikuwa ameketi nami mbele ya televisheni. Aligeuza shingo yote ili anione, maana upande wangu haoni, akaniuliza, "Mwalimu, sasa hawa walikuwa wanabishania nini?"

Nikaizima televisheni.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu, maana kampeni zinanukia tena na nimeshaona pikipiki zikijaziwa mafuta ya bure. Piga kura. Mpende mgombea wako, umwimbie ukitaka. Ila siku utakayopewa jiwe, muulize aliyekupa watoto wake mwenyewe wako wapi saa hiyo. Na kabla hujainua mkono, itazame sura iliyo mbele yako, ulitaje jina lake kwa sauti, lile jina wanalomwitia kwao. Vumbi likikuzuia kumwona, rudi nyumbani. Usingoje waya wako aje akuite, kwa sababu hawezi kuwa kila mahali, na wetu sisi tumeshamzika.

Mungu akupe umri, uwaone wajukuu zako. Akurudishe nyumbani kila jioni ya kampeni na macho yako yote mawili, na uliyekuwa unashindana naye arudi na yake.