Kichuguu cha Mama Nasike

Kitendawili! Mvua ikinyesha ninamla, jua likiwaka ananilia nyumba. Ni nani? Ukishindwa nipe mji, twende wote Sirisia.

Asubuhi hii Phelista Nasimiyu amepiga magoti nyuma ya nyumba ya Mama Nasike, hapo Sirisia, anagonga nguzo kwa mpini wa kisu. Nguzo inalia kama debe tupu. Anaidunga kidole, mchwa wanamwagika.

"Hapa kilichobaki ni rangi tu," anasema, kisha anakohoa mpaka anashika ukuta.

Phelista anaishi Matisi, mjini Kitale. Kazi yake ni kuua kunguni, mende na mchwa majumbani mwa watu. Aliianza kifungua mimba wake akiwa darasa la kwanza. Leo kijana huyo ni baba. Siku hizi pampu ya mgongoni anaitua kila mara, apumue.

"Wajukuu wananiambia, kukhu, yaani nyanya, oga kwanza ndio utusalimie," anasema. "Na nimeoga, bana!"

Ameitwa na Mukhwana, anayeogopa paa litamwangukia mamake, Mama Nasike. Lakini mchwa hao wanatoka kwenye kichuguu cha uani, na kichuguu hicho Mama Nasike aliachiwa na mama mkwe wake. Kila msimu wa mvua hukifunika blanketi, akakinga kumbikumbi, akakaanga, akagawia majirani.

"Mama, dawa hii mchwa wataibeba mpaka kwa malkia wao," Phelista anamweleza. "Nikiiweka, hapa kumbikumbi hamtakula tena. Sasa niambie, nyumba ama kichuguu?"

Mama Nasike anachambua mboga.

"Si useme, mama!" Mukhwana anafoka. "Kumbikumbi ziko hata sokoni!"

"Za sokoni nani alizilea?"

Phelista hamharakishi. Anaketi kando yake, mikono ameiweka mbali na mboga.

"Mimi tangu nishike pampu sijala kumbikumbi," anasema. "Mkono ukikaribia mdomo, nasikia harufu ya dawa. Nimechoka, mama. Mwaka huu ukiisha nataka niache, nifuge kuku."

Mama Nasike anamtazama mikono.

"Mukhwana ategemeze paa kwa mti mwingine," anasema hatimaye. "Mvua ikinyesha tule mara ya mwisho. Baadaye uue."

Anarudia mboga zake.

"Na siku ya kula uje, mwanangu. Pampu uiache Kitale."